Mkaza Mwana Asiyechukua Nafasi

Kokand, 4 Machi 2011

Dada Raushan unayeheshimiwa,

Kwa taadhima yote, na kwa niaba ya ukoo mzima, natangaza rasmi kwamba rafu ya mabuli ya chai katika jiko letu imeshushwa shubiri moja. Shughuli ilianza baada ya sala ya asubuhi ikamalizika kabla ya chai ya saa nne. Misumari ni ya zamani, ukuta ni ule ule. Hakuna aliyeumia isipokuwa Amu Sobir, mdogo wake marehemu baba, aliyejigonga kidole gumba kisha akamlaumu fundi aliyejenga nyumba. Fundi aliyejenga nyumba ni marehemu baba.

Rafu imeshushwa kwa sababu wifi yangu Oydin haifikii tena.

Uliniomba hadithi mpya ya kutafsiri kwa ajili ya gazeti lenu la huko Almaty, baada ya ile ya mwenyekiti wa mtaa aliyeota mihuri badala ya vidole. Sina hadithi mpya. Ile niliibuni kichwani, na mwenyekiti wetu mpaka leo akiniona njiani anaficha mikono. Safari hii nina habari za nyumbani tu. Nakuandikia hizo.

Oydin aliolewa na kaka yangu Odil msimu uliopita, pamba ilipokwisha kuvunwa. Odil alikaa naye mpaka mikate ya harusi ikaisha, akarudi Urusi kumwaga zege. Tangu hapo kila asubuhi Oydin husimama mlangoni pa Mama, shela usoni, huinama mara tatu, na hungoja kuambiwa, "Ishi sana, inuka." Wakaza mwana wote wa mtaa huu hufanya hivyo, arobaini ya harusi ikiisha wanaacha. Ya Oydin ilipoisha Mama alisema, "Huyu anainama vizuri mno, mwacheni aendelee kidogo." Ameendelea.

Jambo lenyewe, kama ni jambo, ni kwamba kila akiinama harudi juu yote. Anabakiza. Unene wa uzi, au chini ya hapo, na kwa siku moja huwezi kuona. Alipoletwa kwetu alinizidi kichwa kizima. Sasa tukisimama pamoja kwenye ndoo ya maji naona utosi wake.

Mama anakusalimu. Barua za nyumba hii, zinazoingia na zinazotoka, husomwa na Amu Sobir kwa sauti, kwa sababu macho ya Mama yana ukungu, na kwa sababu Amu Sobir alifanya kazi posta maisha yake yote na hawezi kuona bahasha iliyofungwa akatulia. Anasema nimeandika sana kuhusu kidole chake. Anasema pia nikwambie kwamba hali zetu ni njema.

Wako,
Matluba


Almaty, 2 Aprili 2011

Mpendwa mdogo wangu Matluba,

Umeniweza. Nimesoma "habari za nyumbani" zako mara mbili nikiwa nimesimama jikoni, chai ikapoa. Eti huna hadithi! Unakana kuwa na hadithi, na katika kukana huko unaitoa. Amu anayesoma barua zote, rafu inayoshushwa kama bendera ya taifa: nimeanza kutafsiri siku ile ile.

Nina maswali, usinichoke. Oydin anapungua namna gani? Kama mshumaa, au kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto? Je, anaumwa? Mumewe ana habari? Wasomaji wangu ni watu wa mjini, wanapenda kuona kwa macho kabla ya kuogopa. Nilitaka pia kukuuliza kwa nini hakuna mtu anayeshangaa nyumbani humo, lakini nadhani hapo ndipo ustadi wako ulipo. Hilo usinijibu.

Kwetu wamezima mvuke wa kupasha nyumba mapema mwaka huu, nimevaa koti mezani. Binti yangu hupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Ninaishi na kamusi.

Mpe Mama salamu, ikiwa mama wa kwenye hadithi na mama yako ni mtu mmoja.

Dada yako,
Raushan


Kokand, 28 Aprili 2011

Dada Raushan,

Amu Sobir alisoma barua yako mbele yetu na mbele ya jirani Karomat, ambaye alikuja kuomba chumvi. Alipofika kwenye salamu Mama alimkatiza.

"Mimi niko kwenye hadithi?"

"Uko, shemeji. Tena mwanzoni."

"Nimevaa nini?"

"Hajasema."

"Mwambie aseme. Watu wa Almaty wasije wakafikiri nakaa na kanzu ya jikoni."

Basi: Mama amevaa gauni la buluu.

Oydin anapungua mwili mzima kwa pamoja, mikono, uso, hata kucha. Ni kama mtu unayemwona akienda mbali barabarani, ila haendi popote. Haumwi. Mkunga wa zahanati alikuja kumpima, akasema presha ni ya msichana wa shule na wembamba ni afya, akala pilau, akaomba kufungiwa na ya kwenda nayo.

Mumewe ana habari. Hupiga simu Jumapili, na Mama huiweka simu juu ya kitambaa cha chakula ili wote tusikie.

"Mama, Oydin yuko?"

"Yuko."

"Anakusumbua?"

"Huyu? Hata nafasi hachukui."

"Alhamdulillahi," Odil akasema, kisha akauliza bei ya kondoo.

Hukutaka nikujibu kuhusu kushangaa, lakini nitajibu kwa sababu umekosea. Watu wanashangaa sana. Wanashangaa kwa wivu. Karomat alimleta mkwe wake kwa mkono, msichana wa Rishtan, mabega kama mlango, akamsimamisha mbele ya Oydin. "Mtazame mwenzio! Mtazame! Wewe umesimama kama nguzo ya umeme, bado tu ndege kutua juu yako!" Yule msichana akainama pale pale. Alipoinuka nilijiambia macho yangu nayo yameanza ukungu, ni ya ukoo.

Kamati ya mtaa imempa Oydin cheti cha Mkaza Mwana wa Mfano. Mwenyekiti alikileta mwenyewe, mikono mfukoni, kwa hiyo cheti kilibebwa na katibu. Tumekitundika juu ya mlango. Oydin hawezi kukisoma kutoka chini, Amu Sobir humsomea.

Mimi, kama ujuavyo, ndiye fundi cherehani wa nyumba. Nimezipunguza nguo zake mara nyingi mpaka sasa nashona kwa sindano ya mkono, cherehani haiwezi kugeuka padogo hivyo. Hariri iliyobaki ya gauni la harusi nimeifanya mito ya kuegemea. Wageni wanaisifu.

Juzi tulikuwa tunaosha vikombe, nikamwuliza, "Wifi, unaumia popote?"

"Hapana, wifi," akasema. "Ila sauti zenu zimekuwa kubwa."

Hili nimeliweka mwisho wa barua nikitegemea Amu Sobir atakuwa amechoka. Hakuchoka. Anasema ni kweli, Mama siku hizi anapiga kelele.

Wako,
Matluba


Almaty, 10 Juni 2011

Mpendwa Matluba,

"Sauti zenu zimekuwa kubwa." Mhariri wetu aliisoma sentensi ile mkutanoni. Watu wote wakaweka kalamu chini, kisha wakaagiza chakula.

Hujui umefanya nini, mdogo wangu. Kila mmoja ana maana yake. Mhariri anasema hadithi inahusu dola na raia. Mwenzake anasema inahusu wanaume walioko Urusi: wanavyozidi kujenga maghorofa huko ndivyo nyumba zao zinavyopungua huku. Kijana mmoja mwenye ndevu amesema haihusu kitu chochote na ndiyo maana inatisha. Waligombana mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tuna tatizo. Mimi nilikuwa nafikiria ile mito.

Limebaki jambo moja tu: mwisho. Toleo linaenda kiwandani kuchapwa vuli hii, na hadithi haina mwisho. Je, atatoweka? Atalipiza kisasi? Mama mkwe naye atapungua? Lolote utakalochagua, nakusihi usimwonee huruma mhusika wako. Huruma huua hadithi kama hii.

Mwambie Mama kwamba gauni la buluu limetafsirika vizuri.

Raushan


Kokand, 5 Julai 2011

Dada Raushan,

Kuhusu mwisho nimefikiri sana. Ninao mmoja. Nakuomba uusome polepole, hata kama hapa Amu Sobir ataupitia haraka.

Anakuja mgeni kutoka mbali. Ni mwanamke wa makamo, msomi, ana miwani. Anatoka Almaty kwa treni mpaka Tashkent. Tashkent anakwenda kwenye soko la Kuyliq, ambako teksi za kuja bondeni kwetu hungoja abiria, anapanda ya Kokand, na anavuka mlima kabla theluji haijafunga njia. Mlango ni wa kijani, unapakana na tanuri la mikate la jirani Karomat, na harufu yenyewe itamwongoza. Anabisha. Anapokelewa, maana kwetu mgeni ni mkubwa kuliko baba. Anavunja mkate, anakunywa chai, anaulizwa habari za njia. Kisha, Karomat akiwa amekaa pale pale, anasema, "Mama, nina ombi moja. Nipeni huyu mkwe wenu nikae naye Almaty majira haya ya baridi, anisaidie nyumbani."

Ombi la kwanza la mgeni wa mbali halikataliwi mbele ya jirani. Mama yuko radhi apoteze wakwe wote alionao kuliko Karomat apite mtaani akisema, "Kwa akina fulani mgeni alinyimwa." Mtu wa humu ndani hawezi kuomba hivyo. Hasa hawezi mwanamke aliyeachika akarudi kula kwa mama yake, maana yeye akifungua mdomo ataambiwa kwanza amalize anachotafuna. Lazima awe mgeni.

Basi mgeni anamfunika Oydin kwa koti lake, anamshika mkono, au anambeba, itategemea amefika mwezi gani. Wanatoka. Mwisho.

Amu Sobir anasema hakuna haja ya kuwahi Kuyliq asubuhi, teksi hujaa baada ya adhuhuri. Anasema mwisho huu ni mzuri ila ungeongezewa harusi. Mama ameuliza mgeni atapikiwa nini, na kama anakula mafuta ya kondoo. Nimeshamshonea mfarishi mpya wa kulalia. Mgeni wa kwenye hadithi, nina maana.

Oydin sasa analala kwenye shubaka la ukutani tunapopanga mifarishi. Anasema ni pazuri, hakuna upepo. Ufagio wa uani tumeukata, tukaukata tena, na sasa anafagia kwa bawa la kuku. Uani kwetu ni safi kuliko zamani, kwa sababu anaona uchafu ambao sisi hatuuoni.

Fanya haraka, Dada. Kwa sababu ya kiwanda, nina maana.

Matluba


Almaty, 19 Agosti 2011

Mpendwa Matluba,

Nisamehe, nitasema kweli kama dada.

Mwisho wako haufai. Hadithi nzima imesimama juu ya ukavu wake, halafu ghafla anaingia msomi wa mjini mwenye miwani kumwokoa mwanamke wa bondeni! Watanicheka, na watakuwa na haki. Mgeni mwokozi ni mbinu iliyochakaa kabla bibi zetu hawajazaliwa. Tena maelezo ya njia yamezidi. Msomaji ana haja gani ya kujua teksi zinangoja soko gani? Nilianza kwa kukata kutoka "Anatoka Almaty" mpaka "Anabisha." Baadaye nikaona mgeni mwenyewe amebaki amesimama hana kazi, nikamkata na yeye.

Sasa hadithi inaishia kwenye shubaka, Oydin amelala kati ya mifarishi, bawa la kuku kando yake. Hatujui nini kitafuata. Mwisho ulio wazi humheshimu msomaji. Mhariri amenipigia simu mwenyewe kunipongeza, jambo ambalo halijatokea tangu alipoajiriwa.

Uliandika "haraka". Usiwe na wasiwasi, tumewahi kiwanda.

Dada yako,
Raushan


Kokand, 14 Septemba 2011

Dada Raushan,

Barua yako imefika. Amu Sobir ameisoma mara moja tu.

Mama amesikitika kidogo kuhusu mgeni. Alikwishaamua kwamba itakuwa pilau yenye mabihi, yale matunda magumu kama matufaha mabichi. Mfarishi tunauanika kila Alhamisi ili usishike unyevu. Theluji haijaanguka mlimani bado, teksi zinapita vizuri, naandika tu kama habari za hali ya hewa.

Oydin anaweza kukaa ndani ya bakuli la pilau, ingawa hajawahi kufanya hivyo, ana adabu. Chai bado anaipika. Sijui vipi. Ukiingia jikoni unakuta buli limejaa, lina moto, na yeye amesimama nyuma yake kama mtu aliyejificha mvua. Asubuhi bado anainama. Mama hamwoni tena, kwa hiyo husema "Ishi sana, inuka" kuelekea mlangoni kwa jumla, na kama paka yuko pale paka ndiye anayeinuka.

Nguo nimeacha kumshonea. Namkatia tu.

Matluba


Almaty, 11 Desemba 2011

Matluba,

Toleo lilitoka mwezi jana, gazeti nimekutumia kwa bahasha nyingine. Wiki iliyopita walinialika kusoma hadithi maktabani. Watu walikuja wengi kuliko viti. Waliuliza maswali ya kawaida: kupungua ni mfano wa nini, mwandishi amesomea wapi, kama mila hizi bado zipo. Niliyajibu yote. Naweza kuyajibu nikiwa nimelala.

Baadaye alinifuata mwanamke mmoja, kilemba cha maua, mikono ya mtu anayeuza matunda makavu sokoni. Alikuwa mtu wa Namangan, huko huko bondeni kwenu.

"Dada, huyo mkwe yuko nyumba gani?"

"Ni hadithi, mama."

"Najua ni hadithi. Nyumba gani?"

Akaniambia mdogo wake mwenyewe walimweka kwenye kasha la sindano, wakamtilia pamba chini asiumie, walikuwa watu wema. Akasema, "Tulikuwa tunangoja mtu aje." Nikamwuliza mtu gani. Akasema, "Mtu yeyote ambaye si wa nyumbani." Kisha akanipa karatasi ya zabibu kavu, akakataa malipo, akaenda kuwahi basi.

Matluba, jikoni kwangu kuna rafu nisiyoifikia. Sikuwahi kukwambia kwamba niliwahi kuolewa. Nilikaa kwa mama mkwe huko Shymkent kabla sijaondoka na mtoto mgongoni, na niliinama kama wengine, sikuona ajabu, niliumwa mgongo tu. Nilipohamia hapa nilidhani rafu za Almaty zimepigiliwa na watu warefu. Jana nimetafuta picha yangu ya shule. Niko safu ya nyuma, pamoja na wavulana.

Nimesoma tena barua zako zote, zile nilizoziita rasimu. Kama ni kweli, usinieleze chochote. Niandikie tu kwamba matufaha ya mwaka huu yalikuwa matamu, nami nitakata tiketi siku hiyo hiyo. Nitasema yale maneno, mbele ya jirani, neno kwa neno kama ulivyoyaandika.

Kama Amu Sobir anaisoma barua hii kwa sauti, namsalimu.

Raushan


Kokand, 22 Januari 2012

Dada Raushan,

Amu Sobir aliisoma kwa sauti. Alipofika kwenye matufaha akasita, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Mbona huyu anazunguka?" Mama akasema. "Anataka nini?"

"Alitaka kumchukua Oydin, shemeji. Akae naye majira ya baridi."

"Basi si angekuja? Mgeni tangu lini ananyimwa katika nyumba hii?"

"Anasema alifikiri ni hadithi."

"Hata kama ni hadithi," Mama akasema. "Mtu anakuja tu."

Barua yako ilikaa ng'ambo ya mlima, njia imefungwa kwa abiria tangu katikati ya Desemba, gari la posta hupenya mara moja moja. Ilipofika Oydin alikuwa ameshaondoka. Nasema ameondoka. Amu Sobir anasema tusubiri.

Nitakueleza ilivyokuwa. Unajua kwetu anayesafiri huuma mkate kidogo, na mkate ule hutundikwa ukutani, hauguswi mpaka arudi aumalizie. Mkate wa Odil uko kwenye msumari tangu alipokwenda Urusi, umekauka kama kigae, na meno yake yanaonekana vizuri, hata lile lililopinda. Asubuhi moja tuliamka hatukusikia bawa la kuku uani. Buli lilikuwa baridi. Kwenye kitambaa cha chakula kulikuwa na mkate uliotoka tanurini kwa Karomat, mzima, ila ukingoni ulikuwa umeumwa. Mahali penyewe palikuwa padogo kuliko punje ya ufuta. Ningedhani ni ufuta umebanduka, lakini mimi macho yangu yamezoea sindano.

Mama alisema, "Panya."

Amu Sobir alisema panya haumi mara moja akaacha.

Tuliinua mifarishi yote, mmoja mmoja. Tulikung'uta mito. Karomat alikuja kusaidia kutafuta, alikuja peke yake, maana mkwe wake siku hizi hakifikii kitasa cha mlango na Karomat hapendi kumfungulia kila saa. Hatukupiga hatua kubwa ndani ya nyumba mpaka jioni, tulitembea kwa vidole kama watu wenye mgonjwa. Chini ya mlango wa kijani kuna ufa ambao baba alikuwa akisema ataziba kesho. Uani theluji ilikuwa na alama nyingi, lakini nyingi ni za ndege, na kwa nyingine siwezi kuapa.

Nilichukua ule mkate nikautundika kando ya wa Odil. Mama aliniangalia, kwa kadiri anavyoona, akasema mkate ulioumwa na panya ni haramu kuutundika pamoja na mikate ya watu. Nikamwambia basi autoe. Hajautoa. Ni mara ya kwanza nimemjibu Mama tangu nirudi nyumbani, na hakuna kilichotokea, paa liko pale pale.

Odil alipiga simu Jumapili. Aliuliza kama Oydin yuko. Mama aliinama karibu na simu, akakaa kimya mpaka Odil akafikiri laini imekatika, akaanza kuita, "Halo? Halo? Mama?" Kisha Mama akasema kondoo wamepanda bei.

Matufaha, kwa kuwa umeuliza, yalikuwa ya kawaida.

Gazeti nalo limefika. Hadithi ni nzuri, na karatasi yake ni nzito. Ule mwisho ulio wazi nimeuelewa.

Ukitaka kuja, njoo. Njia itafunguliwa Machi, teksi ziko pale pale Kuyliq, mfarishi umeanikwa. Lakini ukija sasa utakuwa mgeni tu.

Ufagio nimerudishiwa mimi. Chai isikutie wasiwasi, Mama amenunua birika la umeme. Linajizima lenyewe.

Matluba